Kutoa injini ya naitro, kuweka mota ya umeme: maswali yenu kutoka mwisho wa reli

Jumapili moja nilikuwa kiwanjani Mwanga, hapa Kigoma, nakimbiza kigari changu cha rimoti. Waliozoea kukisikia kikilia kama msumeno wa kiwanda cha mbao, huku kikitoa moshi wa buluu, wakaja kuuliza kimepatwa na nini, mbona kimya. Nikawaambia nimekitoa injini ya naitro, ile ndogo inayochoma mafuta, sasa kinakula umeme. Tangu siku hiyo simu haijapumzika. Leo najibu yale yanayojirudia, pamoja na mawili ya ndugu zetu wa Tabora. Majina nimeyaacha, mitaa nimeitaja.

Fundi, shikamoo. Mjomba aliniachia gari la naitro, ukubwa wa moja kwa nane wa gari halisi, injini ya cc 3.5. Bodi ni nzima ila mafuta yake hapa Kigoma sijayaona dukani hata siku moja. Nikitaka kuweka umeme, natoa nini na nabakiza nini? (Kijana, Katubuka)

Marahaba. Kwanza nikuokoe na jambo ambalo najua limeshakupitia kichwani: usiitilie petroli ya bodaboda. Injini hizi hazina cheche. Plagi yake ina kisprini chembamba chenye platinamu. Unakipasha kwa betri wakati wa kuwasha, kisha unaondoa betri na chenyewe kinabaki chekundu, kwa sababu methanoli ikigusana na platinamu ya moto huzidi kutoa joto. Petroli haina tabia hiyo. Mafuta ya naitro ni methanoli, naitromethani na mafuta ya kulainisha, yote kwenye chupa moja, na kwa kuwa yanashika moto upesi, wasafirishaji wengi hawataki hata kuyasikia. Ndiyo maana magari ya namna hii yamelala juu ya makabati ya watu.

Kinachotoka ni injini, klachi na kengele yake, tangi, ekzosi, servo (kimota kinachotii rimoti) ya mafuta na breki pamoja na fito zake, na kile kiboksi cha betri ya risiva, yaani kipokezi cha amri za rimoti. Vinabaki chasisi, mikono, shokapu, difu zote tatu (ya mbele, ya kati na ya nyuma), propela, servo ya usukani na magurudumu. Vinaingia mota ya brashilesi, yaani isiyo na kaboni za kusugua, kishikio chake, pinioni (ile gia ndogo ya kwenye shafti), kidhibiti mwendo (wauzaji wanakiandika ESC), trei ya betri, betri na chaja.

Ukishatoa utabaki na sakafu ya alumini iliyojaa matundu na ukoko mweusi wa mafuta. Ioshe kabla hujanunua hata skurubu moja. Mimi nilitumia mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, ikaisha nusu siku, na ukoko ulipotoka ndipo nikaona skurubu mbili za kishikio cha injini zilikuwa zimekatikia ndani. Bila kuosha ningeagiza kishikio cha mota kinachofungwa kwenye matundu hayohayo.

Halafu kagua difu. Inua gari, shika pinioni ya difu ya mbele isizunguke, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono: la upande wa pili linatakiwa lizunguke kinyume, laini, bila kukwaruza. Rudia nyuma. Likikwaruza, fungua. Injini ya naitro ina klachi, nguvu yake inapanda ngazi kwa ngazi. Mota inaitoa yote tangu mzunguko wa kwanza na haina klachi ya kuzihurumia gia. Kwa sababu hiyo pia mafuta ya silikoni ya difu ya kati huongezwa uzito. Aliyekuwa anatumia ya 5,000 hupanda mpaka 10,000 au zaidi, la sivyo ukikanyaga nguvu yote inakimbilia magurudumu ya mbele, ambayo wakati huo yako hewani.

Breki za vyuma zitupe. Kidhibiti kinaifanya mota yenyewe ikamate, na kwa kupitia difu ya kati inakamata magurudumu yote manne.

Kununua, anza na chaja na betri, kisha kidhibiti, mota iwe ya mwisho. Watu hufanya kinyume kwa sababu mota ndiyo inayopendeza kwenye picha. Wanaletewa mota ya volti 22, yaani ya betri ya seli sita, halafu wanagundua chaja waliyonayo inajua seli tatu tu.

Muuzaji wa mtandaoni ananishauri nichukue mota ya KV 4000 badala ya 2000, anasema ni nguvu mara mbili kwa bei ileile. Nichukue? (Dereva wa bajaji, Gungu)

Usichukue, kaka. KV si nguvu. Ni idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo mota inazunguka kwa kila volti moja ikiwa haijabebeshwa kitu. Chukua betri ya seli nne, 4S, yenye volti 14.8. Mota ya KV 2000 inakupa mizunguko 29,600. Ya KV 4000 inakupa 59,200.

Sasa tuishushe mpaka barabarani. Gari la moja kwa nane lenye gia kubwa ya meno 46 na pinioni ya meno 14 linapunguza mara 3.29. Difu yenye meno 43 kwa 10 inapunguza tena mara 4.3. Jumla ni kama mara 14. Tairi la kipenyo cha milimita 112 linatembea sentimita 35 kila linapozunguka. Piga hesabu: KV 2000 inakupa karibu kilomita 44 kwa saa, na betri ikiwa imetoka kwenye chaja, kwenye volti 16.8, ni kama 50. Simama pembeni ya barabara ya kushuka Bangwe uone bodaboda ya kilomita 50, kisha fikiria ni kitu cha kilo tatu na nusu kinakuja kwenye ugoko wako.

KV 4000 kwenye karatasi inakupa 88. Kwenye uwanja inakupa harufu. Ili kusukuma uzito uleule kwa gia ileile, mota hiyo inavuta ampea nyingi mno, waya zinachemka, kidhibiti kinajizima au kinaungua, betri inavimba. KV kubwa ni ya magari madogo na betri za seli mbili. Kwa moja kwa nane na 4S, kaa kati ya 1900 na 2300. Ukitaka kasi, ongeza jino moja la pinioni, kimbiza dakika tano, pima joto la mota. Ikiwa chini ya nyuzi 80, sawa. Ikizidi, rudisha jino. Kama huna kipimajoto, shika kwa kidole: usipoweza kuvumilia sekunde tatu, pinioni yako ni kubwa.

Wazee wa naitro watakumbuka tulikuwa tunadondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini na kuhesabu linakauka kwa sekunde ngapi, na ilikuwa sawa kabisa kichwa kupita nyuzi 100. Usiupeleke mtindo huo kwenye mota. Maji yakichemka juu ya mota, sumaku zake ziko hatarini.

Nimebadilisha tayari, gari linakwenda lakini linalia kama mashine ya kusaga, na gia kubwa imelika meno ndani ya siku mbili. Tatizo ni mota? (Mwalimu, Kasulu)

Mwalimu, mota haina kosa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nami nilipoangukia.

Kwanza, hakikisha gia zako mbili ni za familia moja. Magari ya moja kwa nane kwa kawaida hutumia meno ya M1, na ya moja kwa kumi mengi hutumia madogo zaidi. Pinioni zote zinafanana ukiziangalia dukani, na muuzaji atakuambia zinaingiliana. Usimwamini, pima. Chukua kipenyo cha nje cha gia kwa milimita, gawa kwa idadi ya meno ukiongeza mawili. Gia ya meno 46 yenye kipenyo cha milimita 48: 48 kugawa kwa 48 ni moja, hiyo ni M1. Ukipata 0.8, ni familia nyingine, na hizo mbili zikikutana hukwanguana mpaka mmoja aishe.

Pili, nafasi kati ya meno. Mimi gia zangu zilikuwa sahihi, nikazibana vizuri nikajisifu. Dakika tano za kwanza kimya kabisa. Ya sita ikaanza sauti, nikasema ni mchanga. Ya nane gari likasimama huku mota inazunguka peke yake. Nilipofungua, nilikuta meno matatu yamelala upande mmoja kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe, na unga mweusi umetapakaa kwenye sakafu. Gia hazikuwa na makosa. Kishikio ndicho kilichokuwa chembamba. Nilikuwa nimekikata mwenyewe kwa msumeno kutoka kwenye bati la alumini la milimita 3. Gari likiwa limekaa mezani, kila kitu sawa. Ukikanyaga, kishikio kinapinda unywele mmoja, pinioni inaondoka mahali pake na meno yanakutania ncha kwa ncha.

Nikaenda kwa fundi wa kuchonga vyuma, akanitengenezea cha milimita 6, matundu ya skurubu za mota yakiwa marefu kama jicho ili mota isogezeke. Chukua vipimo vya matundu kutoka kwenye mota uliyoishika mkononi. Michoro ya wauzaji inadanganya.

Kuweka nafasi, kata kipande chembamba cha karatasi ya daftari la shule. Kiingize kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota mpaka karatasi ibanwe, kaza skurubu, kisha zungusha gia karatasi itoke upande wa pili. Inatakiwa itoke imekunjikakunjika kama kitenge kilichotoka kwenye mkoba, lakini haijakatika. Ikitoka imekatwa, umebana mno. Ikitoka imenyooka, umelegeza mno. Halafu, na hapa wengi huchoka, zungusha gia kubwa robo, rudia karatasi. Robo nyingine, rudia. Gia kubwa mara nyingi si duara kamili, na unatakiwa upange kwa kufuata sehemu inayobana zaidi.

Tatu, skurubu ya pinioni. Shafti ya mota ina upande uliosawazishwa. Skurubu ikae hapo, na uipake gundi ya buluu ya kufungia nati. Bila gundi italegea na utaanza kulaumu gia upya.

Nikishaweka umeme, betri ya risiva ya zamani inabaki? (Mwanafunzi, Mwanga)

Toa. Kidhibiti kinapeleka volti 5 au 6 kwenye risiva kupitia waya uleule wa kuamrisha mwendo, na servo ya usukani inakula hapohapo. Ukiacha zote mbili umeweka vyanzo viwili vinavyogombana kwenye waya mmoja, na kinachoungua kwanza ni kile cha bei kubwa. Kama rimoti yako ni ya zamani yenye antena ndefu ya megahezi 27, nunua ya gigahezi 2.4. Mota hizi zinapiga kelele za umeme ambazo rimoti ya zamani inazisikia kama amri, na gari litakukimbia.

Mota inazunguka kinyume. Nirudishe dukani? (Muuza simu, Ujiji)

Hapana, ndugu yangu. Mota ina waya tatu nene. Badilishana mbili zozote, itageuka. Ila kama ina waya mwembamba wa sensa, usiziguse hizo tatu. Geuza mwelekeo kwenye mipangilio ya kidhibiti. Na ukishamaliza, inua magurudumu juu, funza kidhibiti mwanzo na mwisho wa kifyatulio cha rimoti yako, ndipo uweke gari chini. Usiruke hatua hii. Kwenye naitro kulikuwa na springi inayorudisha mafuta chini ukipoteza mawasiliano. Kidhibiti ambacho hakijafundishwa kinaweza kudhani umekanyaga wakati umeachia.

Kwetu umeme wa uhakika ni sola. Nina paneli ya wati 50 na betri ya gari ya ampea-saa 100. Nitaweza kuchaji betri ya gari la rimoti bila kuzima taa za nyumbani? (Uvinza)

Utaweza, na wala huhitaji inveta. Tafuta chaja inayokubali volti 11 hadi 18 kutoka kwenye betri. Nyingi za kazi hii zinakubali. Kupitia inveta unageuza 12 kuwa 230 kisha unairudisha chini, na kila mara unalipa ushuru wa joto.

Betri ya 4S ya mAh 5000, yaani ampea-saa 5, inabeba wati-saa 74. Ukihesabu kinachopotea njiani, kila chaji inakula kama wati-saa 90 kutoka kwenye betri yako kubwa. Hiyo ya ampea-saa 100 inabeba 1,200, lakini betri za maji ya asidi usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Ni chaji sita, ikiwa hakuna anayewasha hata redio. Sasa paneli: wati 50 kwa saa tano za jua kali, ukitoa upotevu, ni kama 200. Chaji mbili kwa siku, basi. Ya tatu unakula akiba ya taa, na mwenye nyumba atakuuliza.

Chaji kwa ampea 5, si zaidi, itachukua kama saa moja na ushee. Wakati huo chaja inavuta ampea 8 hivi kutoka kwenye betri kubwa, kwa hiyo zile waya nyembamba za kuunganishia taa za sola zitapata moto. Tumia waya nene, fupi, na fyuzi ya ampea 15 karibu na betri.

Chaji moja itakupa dakika 15 hadi 20 za kukimbiza kawaida. Wavuvi wetu wa dagaa waliotoka kwenye karabai wakaingia taa za betri wanaijua hesabu hii kuliko mtu yeyote: kwa mafuta unahesabu lita, kwa betri unahesabu usiku.

Fundi, mimi si wa magari. Mwanangu ameweka hizo betri laini chumbani wanakolala wadogo zake, moja imevimba kama andazi. Na mafuta ya zamani ya hilo gari ameyahamishia kwenye chupa ya maji, rangi yake nyekundu kama juisi. Nihofu? (Mama, Ujiji)

Mama, shikamoo. Hofu, na anza na chupa, hata kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Mafuta yale sehemu kubwa ni methanoli. Ni sumu. Kiasi kidogo tu kinapofusha macho, na kikizidi kinaua, kwa mtoto ndiyo usiseme. Ubaya wake ni kwamba aliyekunywa anaweza kuonekana ana nafuu kwa saa nyingi kabla madhara hayajatokea. Kama kuna mtoto anayeshukiwa kuonja, nenda hospitali sasa hivi, usingoje dalili, na nenda na chupa waione. Kama hakuna, toa chupa ndani, iandikwe SUMU kwa maandishi makubwa, ifungiwe mahali pa juu penye kufuli, mbali na jiko, mpaka mwanao ampe mtu mwenye injini inayoyatumia. Isimwagwe shimoni wala ziwani. Tena ajue kwamba moto wa methanoli mchana hauonekani vizuri. Mtu anaungua hajaona mwali.

Sasa betri. Iliyovimba imekwisha. Haichajiwi tena, haitobolewi, haibanwi ili irudi. Aitoe nje, aiweke kwenye sufuria kuukuu au juu ya mchanga mkavu, mbali na ukuta wa mbao na makuti. Kuimaliza chaji, atumie balbu za pikipiki za volti 12, akiunganisha mbili kwa mfululizo kama betri ni ya seli nne, aache hapohapo nje mpaka zizimike kabisa. Kisha afunge ncha kwa tepu na kuipeleka kwa wanaokusanya betri chakavu, akiwaambia ni ya lithiamu. Isitupwe jalalani, kwa sababu jalala letu huchomwa moto.

Zilizo nzima zisilale chumbani. Ziwekwe kwenye kopo la bati au chungu, kifuniko kisikazwe, mahali penye kivuli. Si juu ya dari chini ya mabati. Saa nane mchana pale juu ni tanuri. Nina ushahidi: niliwahi kusahau moja darini wiki nzima nikaikuta imenenepa. Kuchaji ni mchana, mtu akiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, ndoo ya mchanga pembeni.

Na wewe kijana ukisoma hapa: seli moja ikijaa ni volti 4.2, isishuke chini ya 3.0, na kama huitumii wiki hii iache kwenye 3.8. Weka kidhibiti chako kikate kwenye 3.3. Nyingi hazivimbi kwa ubaya wa kiwanda; zimeachwa zimejaa kwa mwezi mzima, au zimekamuliwa mpaka tone la mwisho kwa sababu jirani alisema "zungusha tena moja".

Gari langu la naitro lilikuwa moto Dar, nimehamia Tabora limekuwa zito, linatoa moshi. Nikiweka umeme litarudi? (Mfanyakazi wa reli, Tabora)

Litarudi na zaidi. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Injini ikivuta hewa kidogo na mafuta yaleyale inakabwa, ndiyo huo moshi. Kama bado hujaamua kuitoa, kaza sindano ya mafuta, ile skurubu ya kabureta inayopima mafuta, robo ya robo ya mzunguko kila mara huku ukisikiliza. Mota haipumui, Dar, Tabora au juu ya Meru, kwake ni sawa.

Ila huo mchanga wenu laini usiudharau. Kwenye naitro ulikuwa na chujio la hewa lenye mafuta. Mota nyingi zina matundu ya kupoozea, na feni ya kidhibiti inavuta vumbi siku nzima. Nunua mota iliyofungwa. Feni ipulize kwa pampu ya baiskeli kila ukimaliza kucheza, na beringi za mota uzitie tone la mafuta kila baada ya siku chache za vumbi.

Nikitoka Dar kwa ndege, betri hizi zinaruhusiwa? (Cheyo, Tabora)

Kwenye mzigo wa mkononi, ndiyo, kila moja ikiwa na wati-saa 100 au pungufu. Kwenye begi linalopakiwa chini, hapana. Zidisha volti kwa ampea-saa: 14.8 mara 5 ni 74, unapita. 22.2 mara 5 ni 111. Hiyo mpaka shirika la ndege likubali kwanza. Ziba ncha kwa tepu, kila moja kwenye mfuko wake. Gari lenyewe kama liliwahi kuwa la naitro, lioshe mpaka harufu iishe. Tangi lenye harufu ya mafuta litakuchelewesha pale kwenye mashine.

Vijana mnaharibu vitu. Gari la naitro bila injini yake si gari tena, ni chombo cha watoto. Kwa nini msitafute mafuta mkaliacha lilivyo? (Mzee, Bangwe)

Shikamoo mzee. Ile sauti na mimi naikosa, sitakuficha. Mota haina harufu, haina utundu wa kuitafutia sindano asubuhi ya baridi. Kuna siku nakaa na rimoti mkononi najiona kama nacheza gemu ya simu.

Lakini hebu tazama kutoka hapo ulipo, upande wa ziwani. Meli yetu ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa meli na kwa reli, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuelea mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilikuwa ya mvuke. Miaka ya 1970 ikatolewa mitambo ya mvuke ikawekwa dizeli. Ukiona vyaelea vimeundwa, na hiyo imeundwa mara nne. Sijamsikia mtu wa Kigoma akisema ile siyo Liemba.

Na kuna jambo moja kwenye kisa hicho linalotuhusu moja kwa moja. Kabla ya kuizamisha, wahandisi wake walizipaka injini grisi nene. Waingereza walipoiibua miaka minane baadaye, mitambo ilikuwa bado inafaa. Kwa hiyo, mzee, injini anayoitoa kijana haitupwi. Methanoli hunywa unyevu wa hewa, na injini iliyowekwa na mabaki ya mafuta ndani itakuwa na kutu kwenye beringi kabla ya masika kuisha. Iendeshwe mara ya mwisho mpaka imalize mafuta yote, plagi ifunguliwe, yatiwe matone matano ya mafuta ya cherehani kwenye tundu la plagi na matano kwenye kabureta, izungushwe kwa mkono mara kumi, plagi irudishwe. Pistoni isiachwe juu kabisa; pale imebanwa na silinda, na ikikaa miaka itanasa. Ishushwe chini. Matundu ya kabureta na ekzosi yazibwe kwa kitambaa chenye mafuta, kisha izungushiwe kitambaa kikavu cha pamba. Plastiki usitumie, inafungia unyevu.

Yangu iko ndani ya kopo la bati la maziwa ya unga, kwenye rafu ya juu, katikati ya redio ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua.